Jina Lako Kwenye Kamati ya Sheshe

Mwanangu Fides,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Umetoka hapa saa tisa kwenda kwa baba yako mkubwa kuaga, umevaa ndala zangu kwa sababu viatu vyako umeshavifungia begini, na ukirudi utataka kula. Wali uko jikoni unajikaukia. Nina saa moja, labda na nusu, kama shangazi zako hawatakuacha mapema. Barua hii nitaiweka kwenye mfuko wa pembeni wa begi, uisome ndani ya basi ukishaipita Ifakara. Ukiisoma hapa utaniuliza maswali, na maswali yako siyawezi.

Sitakuandikia habari za kula, kuvaa na kusali. Hayo nimeyasema tangu Jumatatu mpaka ukaniambia nimekuwa redio ya jirani. Nataka kukuandikia habari za Sheshe. Najua umeshakunja uso. Ulipokuwa darasa la tatu uliniambia mpira ni kazi ya watu wasio na shamba, nikakuchapa kidogo, halafu nikaenda nyuma ya nyumba kucheka. Lakini mwezi uliopita nimekufanyia jambo kwa ajili ya timu hiyo, na hulijui. Nikikutajia jambo lenyewe tu, utaniona mwendawazimu. Ukilisikia pamoja na historia yake huenda ukaniona hivyo hivyo, ila angalau utakuwa umenisikiliza.

Babu yako Alanus alishuka kutoka upande wa Mahenge akiwa kijana, yeye na wenzake, wakafyeka mbuga wakalima mpunga. Mavuno yakishaisha walikuwa hawana kazi, wakaanza kucheza mpira kwenye mchanga kando ya mto. Timu wakaiita Sheshe, kwa jina la yule swala mwekundu wa bondeni ambaye siku hizo alikuwa anakuja kula majani pembeni mwa majaruba yao. Kila masika mto ulikula uwanja, na kila kiangazi wakatafuta mwingine. Ndipo babu yako akatoa kipande chake cha pale barabarani, chenye udongo mweusi unaotuamisha maji. Watu wanamsifu kwa ukarimu mpaka leo. Mimi niliyemuuguza nakuambia kipande hicho kilikuwa kimemshinda.

Na hakukitoa hivi hivi. Alisema mbele ya wazee na mbele ya katekista kwamba uwanja ni wa timu siku zote ambazo mtu wa nyumba yake yumo kwenye kamati. Siku nyumba yake ikitoka, ardhi inarudi kwa ukoo. Hakuna aliyeliandika neno hilo. Angekuwa ameliandika, karatasi ingeshaliwa na mchwa zamani, nasi tungepumua. Neno la marehemu halina mchwa. Sidhani kama alikusudia kumfunga mtu. Alikuwa mzee anayeogopa kusahauliwa, basi.

Mimi nilitoka Sanje nikaolewa hapa na Beatus, baba yako, beki wa kati na nahodha. Nilikuta Sheshe imeshawafunga wale wa Ifakara mjini bao moja kwa bila, mechi ambayo wazee huisimulia kama vile ilichezwa jana. Wageni walikuja na viatu vya njumu, sisi tukacheza pekupeku, na matope ya uwanja wetu yakawavua viatu mmoja baada ya mwingine. Baba yako alikuwa hapendi niicheke hadithi hiyo. Alisema walishinda kwa mpira, si kwa matope. Nilimwacha na imani yake.

Mpunga uwanjani niliuleta mimi. Hili nalisema kwa majivuno, usinizuie. Kila mwaka kuanzia Januari uwanja ulikuwa bwawa mpaka mvua zikatike, na mimi mtoto wa mkulima nilikuwa naona uchungu maji mazuri vile yakilala bure. Nikamwambia baba yako, naye akawaambia wenzake, wakacheka wiki nzima, halafu wakakubali. Tuliotesha mbegu ya Saro, ile ya muda mfupi. Jumamosi ya kupandikiza, wake na mama wa wachezaji tuliingia majini, na bila mtu kupanga, kila mmoja akasimama pale mwanamume wake anapochezea. Mke wa golikipa akapanda golini. Mimi nikapanda mbele yake, kwenye boksi. Mama wa yule winga wa kushoto alipanda pembeni peke yake, akawa anapiga kelele kwamba hata hapa mwanawe haletewi mipira. Tangu hapo ikawa desturi. Mwanamke akiolewa na mchezaji, hukaribishwa kwa kuoneshwa namba yake majini.

Mwezi wa tano tulikuwa tumeshavuna. Ng'ombe wa majirani zetu Wasukuma waliingia wakala mabua na kuikanyaga ardhi, vijana wakasawazisha kwa majembe, na ligi ilipoanza uwanja ulikuwa mgumu na safi. Mpunga ule ulinunua mipira na nyavu, ukampeleka hospitali aliyevunjika mguu. Timu nyingine za bonde zilitucheka kwanza, kisha zikaja kuuliza mbegu. Ilikuwa miaka mizuri, Fides. Nayaandika haya ili usidhani mama yako alijifunga kwenye kitu kibovu. Kitu kibovu ningekiacha.

Baba yako alipofariki ulikuwa darasa la nne. Unakumbuka mazishi, lakini hukumbuki sanduku. Baada ya arobaini nilifunga sanduku letu, nguo zako chini na zangu juu. Bibi yako wa Sanje alikuwa ameniwekea nafasi kwenye genge lake la ndizi pale barabarani, na shule ya kukuhamishia alishaiulizia. Tulikuwa tuondoke Jumatano. Jumanne akaja Mzee Ponsiano, mwenyekiti wa timu, na wanakamati wawili nyuma yake. Alisema pole mara nyingi. Kisha akasema nafasi ya nyumba ya mzee Alanus kwenye kamati imebaki tupu, na baba yako mkubwa Landelini ameshakataa kuingia, yeye na wanawe wote watano.

Usimchukie Landelini kwa hilo. Ana vijana watano na shamba la kumtosha mmoja, na anajua nyumba ikitoka kwenye kamati kipande kinarudi kwake. Ningekuwa yeye ningekataa pia. Wazee waliniomba nikae mpaka mavuno, atapatikana mtu. Nikaangalia sanduku, nikawaangalia wao, nikasema sawa. Kwa sababu najua kusoma na kuandika wakanipa ukatibu. Sanduku sikulifungua. Tuliishi tukichomoa nguo mojamoja mle ndani mpaka likaisha lenyewe.

Sasa ndipo lilipo kosa langu, lile unalolijua kwa sehemu. Nilitaka niondoke vizuri. Nilitaka siku naipa kamati kisogo, wachezaji wawe wamevaa jezi mpya nyekundu, watu waseme mjane wa Beatus alituaga kwa heshima. Saro haina harufu, wanunuzi wa Ifakara hawaigombanii. Wanagombania Supa. Basi mwaka ule nikawaambia wanakamati tupande Supa. Mzee mmoja akauliza, si inachelewa hiyo? Nikamjibu kwa ukali kwamba mimi ndiye niliyewafundisha kulima uwanja. Akakubali, maana nilikuwa mfiwa, na mfiwa habishiwi.

Mvua nazo zikachelewa. Tukapandikiza mwishoni mwa Februari. Mwezi wa sita unaisha, timu nyingine zinafanya mazoezi, uwanja wetu kijani kitupu kutoka goli hadi goli, unanukia mpaka barabarani. Ndege wakaja kwa makundi, na watu wakaanza kukwepa zamu ya kuamia. Nikakutoa shule. Uliniambia mwaka jana kwamba unavyokumbuka ilikuwa wiki moja. Ilikuwa wiki tano. Ulikaa juu ya dungu pale katikati ya uwanja na kombeo na debe, kuanzia alfajiri, nami nikamwandikia mwalimu kwamba unaumwa. Hesabu zako hazikupona tangu mwaka ule, na kila ulipoleta ripoti yenye hesabu mbovu mimi ndiye niliyekugombeza. Nisamehe. Ningekuambia zamani, lakini ilikuwa rahisi kukugombeza.

Siku ya kukagua viwanja alikuja bwana mmoja wa chama cha mpira na pikipiki. Alisimama pale kona, akatazama, akaniuliza kwa upole tu, "Mama Katibu, huu uwanja mnacheza lini, au mnapika lini?" Kauli ile ilifika Mlimba kabla yake. Alitupa siku kumi. Wachezaji wakaja nyumbani wakasema tuukate. Nikawaambia mpunga uko kwenye maziwa, mpunga wenye maziwa haukatwi. Wakasema ligi. Basi nikatoa miundu yote niliyokuwa nayo, nikaenda nao mpaka uwanjani, nikaiweka chini kwenye mstari, nikasema kateni. Hakuna aliyeinama. Walisimama pale, wanaume kumi na mmoja na wa akiba, wakautazama. Halafu golikipa akasema, "Umezaa vizuri." Wakaondoka.

Mkulima wa bonde hili huwezi kumkatisha mpunga wenye maziwa, hata kwa ajili ya mpira. Nilijua hawataweza. Nilipeleka miundu ili lawama tugawane, na hilo nalo sijawahi kumwambia mtu.

Tulinyang'anywa mechi zote za nyumbani, tukashuka daraja. Watatu walio bora wakaenda kuchezea timu za mjini. Supa ilivunwa, ikauzwa vizuri sana, na jezi nyekundu zikaja zinang'aa kwenye mifuko yake. Wachezaji wa kuzivaa hawakutosha. Ungedhani hapo ndipo ningeondoka. Ndipo nilipofungwa. Ningeondokaje? Wangesema ameiua timu amekimbia. Nikasema nitairudisha kwanza Sheshe kwenye ligi, kisha nitakwenda Sanje. Ilichukua miaka minne kurudi. Bibi yako aliningoja miwili, wa tatu akafariki, na genge akalichukua mjomba wako.

Miaka iliyofuata sina kosa la kulitaja. Nilikuwa naamka, nalima, naandika muhtasari, namwita fundi wa magoli, nagombana na waamuzi. Mwili wangu ulikuwa uwanjani, na kila basi la kwenda Morogoro likipita pale barabarani nilikuwa nalisindikiza kwa macho mpaka vumbi litulie. Ulidhani naangalia nani anashuka. Watu wananiita Mama Katibu kutoka hapa mpaka Mchombe, na nikisema sikupenda kuitwa hivyo nitakuwa nimesema uongo. Kuhitajiwa kuna utamu wake, mwanangu. Mtu anaweza kukufunga kwa kukuomba tu, akikuomba vizuri, na mlango ukabaki wazi nyuma yako siku zote hizo. Naichukia timu hii. Na ikifungwa, silali.

Sasa lile jambo lenyewe. Ulipoomba chuo cha mifugo uliandika namba yangu, kwa kuwa simu yako ilikuwa imekufa kioo. Ujumbe wa kwamba umechaguliwa ulikuja Alhamisi. Nilikuwa nachambua mchele. Niliusoma, nikausoma tena, nikaifunika simu kwa ungo. Wewe ulikuwa uani unafua, unaimba. Jumapili baada ya misa kulikuwa na kikao. Mzee Ponsiano akasema mbele ya wote, "Mama Fides, umechoka na sisi tunakuona. Tuandikie jina la mtoto, awe katibu msaidizi, azoee ukiwepo." Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa na ujumbe wako siku ya nne. Nikaandika jina lako, la ubatizo na la ukoo. Wakapiga makofi. Mama wa golikipa wa sasa akaniambia ng'ombe haelemewi na nunduye, na mimi nikaitikia, kana kwamba nundu ni wewe na si wao.

Jumatatu ndiyo nikakuonesha ujumbe. Nilikuambia umeingia asubuhi ile. Ulirukaruka mpaka kuku wakakimbia, kisha ukaniangalia ukauliza, "Mama, mbona hufurahi?" Nikasema ni jua. Fides, halikuwa jua. Nilikuwa nahesabu nani atashika nafasi yangu, na nilikuwa nangoja mwenyewe useme labda mwakani. Ungesema hivyo ningekukumbatia, ningekusifu kwa moyo wako mzuri, na usingejua kamwe nani alikufunga. Ungedhani ulichagua. Hilo ndilo linalonitisha, maana mimi nami kwa miaka kumi na mmoja nimekuwa nikiwaambia watu kwamba nilichagua.

Leo asubuhi, ulipokuwa unasuka nywele, nilikwenda kwa Mzee Ponsiano. Nilimkuta anarekebisha baiskeli. Nilimpa shikamoo, nikakaa juu ya kinu, nikamwambia jina la mtoto nililiandika bila ruhusa yake na nimekuja kulifuta. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Alifuta mikono polepole akasema maji nimeshayavulia nguo, nitayaogaje nusu. Nikamwambia nguo nilizovua hazikuwa zangu, zilikuwa za mtoto.

Akarudi kwenye baiskeli yake. Kisha akasema, "Basi ukifa wewe, uwanja umekwenda."

Nikamjibu, "Umekwenda, baba. Landelini ana vijana watano, na wao ni watu."

Akaniuliza na mimi je, kama mtoto anaondoka, si nitamfuata. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo njia nzima. Nilikuwa nimepanga kusema ndiyo, nakwenda, mtafutane na Landelini. Badala yake nikasikia sauti yangu inasema nitabaki, ratiba ya mechi za Jumamosi nitaileta kesho. Naye akatabasamu. Nimetembea kurudi nyumbani nikijua kwamba nimeifungua pingu moja tu, na ile nyingine nimeikaza. Sitaki unihurumie kwa hilo. Nina umri wangu, najua njia ya kituo cha basi ilipo. Siku moja labda nitaitumia, labda sitaitumia. Hilo ni langu, usije ukalibeba.

Jina lako limefutwa. Nimelipiga mstari mara mbili na Mzee Ponsiano ametia saini pembeni. Hudaiwi kitu na babu yako, wala na baba yako, wala na wale watakaokusalimu barabarani kesho na kukuambia tutakungoja. Watasema kwa upendo. Waitikie, panda basi.

Nakusikia unakuja, unacheka na mtu pale kwa jirani. Basi nimalize na jambo moja, na ndilo lililonifanya niandike.

Najijua. Januari maji yakituama uwanjani, na wanawake wakiwa wamesimama kila mmoja mahali pake wananingoja na miche mikononi, nitakupigia simu. Sitasema rudi nyumbani, nina akili kuliko hivyo. Nitasema mgongo unaniuma, na utakuwa unauma kweli. Nitasema njoo wiki mbili tu, unisaidie kuandika majina, halafu urudi chuoni. Pengine nitalia, na machozi yatakuwa ya kweli pia. Nimekulea unitii, na tangu uzaliwe sijawahi kukuomba vinginevyo. Siku hiyo, mwanangu, usinitii.

Mama yako,
Agripina